Kilicholala Ndani ya Taya

Aliyemwambia Sumeya kwanza ni Hawo, muuza maziwa ya ngamia, na alimwambia kwa mzaha.

Ilikuwa saa sita mchana, wakati ambao Garsen yote hunyamaza kwa joto na hata mbuzi hawatoki kivulini. Sumeya alikuwa analipa siku za Ramadhani zilizompita kwa sababu ya uzazi. Alisimama mlangoni na sufuria, Hawo akimmiminia maziwa ya futari, mara Hawo akalisimamisha dumu hewani.

"Wewe Sumeya, si ulisema iko saumu?"

"Nimefunga."

"Basi unatafuna nini? Mimi nasikia. Kru, kru, kama mbuzi na mahindi."

"Sitafuni kitu, Hawo. Tazama." Akafungua mdomo.

Hawo akachungulia huku akicheka, kisha kicheko kikamkatika. Mdomo ulikuwa wazi, ulimi umetulia, na sauti bado ilikuwa inatoka.

"Bismillahi," Hawo akasema polepole. Akafunika dumu lake akaenda zake bila kuaga.

Sumeya alikuwa na maumivu mwezi wa pili sasa, chini kulia, nyuma kabisa, mahali ambapo hapakuwa na jino lolote. Kesho yake akambeba mwanawe Afrah, wa miezi sita, akaenda kwa Reuben, kijana wa kijiji cha Wema aliyefungua kliniki ndogo ya meno nyuma ya soko. Reuben akampiga picha ya taya, akaishika mbele ya taa.

"Hili ndilo gego la mwisho, dada. Lako halikusimama. Limelala ndani ya ufizi, kichwa kimeelekea mbele, linamsukuma jirani." Akasogeza kidole. "Sasa mtazame jirani."

Jirani alikuwa na shimo ubavuni, karibu na mzizi, kama punje ya mahindi iliyoingiwa na fukusi.

"Nani amelila?" Sumeya akauliza kwa sauti ndogo.

"Hakuna mdudu. Jino likisukumwa muda mrefu, mwili wenyewe huanza kuumumunya mzizi, polepole, bila mtu kujua. Kwa macho huoni kitu."

"Kwa hivyo najila mwenyewe?"

"Usiniharibie usingizi, dada," Reuben akacheka. "Ni jino tu. Lakini yote mawili yatoke kabla halijafika kwa mengine. Mwenzangu wa upasuaji huja kutoka Malindi kila Jumanne." Akamwambia, mpaka siku hiyo, asukutue kwa maji ya chumvi ya vuguvugu, ayazungushe upande ule, kisha ateme.

Mama mkwe wake, Bi Barke, alisikiliza yote hayo akichambua mchele, bila kuinua uso.

"Mimi nimezaliwa Kau, nimezeeka hapa Garsen. Sijaona mtu akiliwa na mwili wake."

"Ameonyesha kwa picha, mama."

"Picha imeonyesha shimo. Imemwonyesha aliyechimba?"

Sumeya hakuwa mtu wa kujibizana. Mumewe, Nassir, alikuwa Kipini kwenye kazi ya injini za mashua, na kwa simu alisema amsikilize mama. Basi jioni ile wakaenda kwa Mwalimu Sadik. Mwalimu akaandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akaziosha kwa marashi ya waridi, akatia kombe lile kwenye chupa. "Siku saba, kila magharibi," akasema. "Unalinywa. Tone lisidondoke chini."

Siku mbili alikunywa. Siku ya tatu maumivu yalimjia kama msumari, na alipokwisha kufuturu akasimama uani akiwa na vikombe viwili, kimoja cha maji ya chumvi, kimoja cha kombe. Akawaza: haya ya chumvi yanafika kwenye jino kwa sababu nayazungusha. Kombe linapita tu, linakwenda tumboni, na tumbo haliniumi. Hakuona kosa. Akaingia chooni mahali anapotemea siku zote, akalitia kombe mdomoni, akalizungusha upande wa kulia mpaka machozi yakamtoka, akalitema.

Lilianguka shimoni, la manjano. Kule chini kitu kikameza.

Harufu ikapanda, ya marashi yaliyooza na mfupa ulioungua. Ndipo alipokumbuka ni nini alichokuwa nacho mdomoni, na wapi amekitema. Akatoka mbio. Alipofika barazani akajishika shavu, akashangaa. Haliumi. Hata kidogo.

Hakumwambia mtu. Angemwambiaje Bi Barke kwamba amelitema neno la Mungu chooni? Jumanne ikafika, hakwenda kwa Reuben, kwa kuwa hakuwa na maumivu ya kumpelekea.

Lakini sauti ilibaki. Ilikuwa imetoka kwake, ikawa nyumbani. Siku ya kwanza ilikuwa kwenye ukuta wa uani, na Bi Barke akasema ni mchwa. Siku ya pili ilikuwa chini ya kitanda. Siku ya tatu, Sumeya akiwa anafua adhuhuri, aliisikia chumbani, kru, kru, taratibu, kama mtu anayekula bila haraka kwa sababu chakula ni chake, akaacha nguo kwenye beseni akaingia na mikono yenye povu, akafunua chandarua, akamkuta Afrah amelala chali, macho wazi, hakulia, hakucheka, mdomo umefunguka, ufizi mtupu, safi, bila jino hata moja, na sauti ikitoka humo.

Akamwinua, akampa ziwa. Mtoto akaligeuzia uso. Magharibi akakataa tena, na alfajiri tena, na kufikia kesho yake mchana midomo ya mtoto ilikuwa imekauka, kilio chake kimekuwa chembamba kama cha paka. Sumeya akatia kidole mdomoni mwa mwanawe kupapasa ule ufizi laini, na chini ya ufizi kitu kikageuka, kikagusa ncha ya kidole kama kinachoonja, kisha kikauma, na alipokichomoa kidole kwa ukelele akaona kina alama pana ya mraba, alama ya gego la mtu mzima.

Bi Barke alikuja mbio. Akakishika kile kidole, akakitazama sana.

"Sumeya. Umefanya nini?"

Sumeya akaangalia sakafu. Maneno yalikwama pale pale yanapokwama siku zote mbele ya mwanamke huyu. Kisha Afrah akatafuna, na maneno yakatoka yote kwa mara moja, chumvi, kombe, choo, kule kumeza.

Alingojea matusi. Bi Barke alichukua buibui lake tu. "Mbebe mtoto," akanong'ona. "Tukichelewa hatakuwa na kinywa cha kunyonyea."

Mwalimu Sadik alifunga dirisha, akachoma ubani, akaweka sikio kwenye shavu la mtoto na kusoma kwa sauti ya chini. Kila aliposoma, kutafuna kulisimama. Kila alipovuta pumzi, kukaanza tena.

"Kilikuwa kimejikalia kwenye jino lako lililolala," akasema. "Kombe lingekimaliza humo humo. Wewe ukakitema kabla hakijafa. Sasa hakina nyumba, na hutafuta mahali ambapo meno hayajaota bado, yanajengwa. Hapo hula mpaka mwisho."

"Kitoe, mwalimu."

"Nikikitoa kitakwenda kwa mtoto mwingine. Kinachoweza kukiita ni kinywa kilichokitema." Akamtazama. "Ukikirudisha kwako, funga mdomo. Usiseme, usile, usipige miayo, mpaka utakapoufungua kwa mng'oa meno, lile jino ling'oke kikiwa ndani yake. Leo ni siku gani?"

"Jumatatu," Bi Barke akajibu.

"Basi Mungu ametupenda. Kung'oa ni kazi ya Reuben na mwenzake. Mimi hata langu liliniuma miaka miwili."

Sumeya aliweka mdomo wake juu ya mdomo mkavu wa mwanawe, akafumba macho, na moyoni akasema, rudi, nyumba yako ni mimi. Kitu chenye baridi kikapita juu ya ulimi wake, kizito, chenye makucha madogo mengi, kikatambaa kuelekea kulia, nyuma, kikajilaza, na maumivu yakarudi yote aliyokuwa ameyasahau, na juu yake mengine, akabana meno asipige kelele. Mbele yake Afrah alilia kwa sauti kubwa, kilio cha njaa, cha mtoto mzima.

Usiku kucha alimnyonyesha bila kumwimbia. Kichwani mwake kutafuna kulikuwa kwa haraka sasa, kama mtu anayejua kwamba amebakiwa na muda mfupi.

Asubuhi, kabla jua halijakolea, alimwachia Bi Barke mtoto akatembea peke yake hadi kliniki, mdomo umefungwa kwa ncha ya mtandio. Reuben alimpokea kwa lawama za kirafiki, akamlaza kwenye kiti. Daktari wa Malindi akavaa glavu. Muuguzi wake, msichana mchangamfu aliyeitwa Rachael, akaja na trei ya vyuma, akasimama karibu sana, tumbo lake la miezi saba likigusa mkono wa kiti.

"Fungua mdomo, dada," daktari akasema.

Kutafuna kukasimama. Sumeya alihisi kile kitu kikijigeuza kule nyuma, kikisogea mbele, kikisikiliza.

Akatikisa kichwa. Akaomba kalamu kwa ishara, akaigeuza kadi yake ya kliniki, akaandika, bila kukosea herufi: *Dada mjamzito atoke nje kwanza. Afunge mlango. Tafadhali.*

Reuben akasoma kwa sauti, akamtazama daktari. Rachael akacheka, akasema, "Ananionea aibu huyu," akaweka trei chini akatoka.

Mlango ulipofungwa, Sumeya akafungua mdomo.