Diski ya Marehemu Boazi

Jumatano jioni nilitoka Tunduma kwenda Vwawa kufuata diski ya kompyuta. Diski tu, kitu cha kutia mfukoni mwa koti.

Mwanangu Edina alikuwa na miaka saba na moyo mbovu. Madaktari walisema tumpe raha. Mimi fundi redio ningempa raha gani? Nikaunga seva ya mabaki, kompyuta ya kuhifadhi filamu: kasha la kwenye vyuma chakavu, bodi ya ofisi iliyofungwa, feni mbili za Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Nilitaka kuijaza katuni na kwaya, azitazame kwenye runinga ya chumbani bila kunyanyuka kitandani. Ilibaki diski kubwa.

Boazi, mpiga video wa harusi na mazishi, alikuwa nayo. Lakini Boazi alikuwa na siku tisa kaburini.

Mjane wake, Enesi, alinipokea mlangoni. Matanga hayajaondolewa. Akanisihi ningoje Jumamosi, ukoo ukae ugawe vitu vya marehemu. Nilimbembeleza bila haya, nikamtaja mtoto. Mwishowe akanipa bila kunitazama.

"Usiiwashe kabla ya Jumamosi, baba Edina," alinong'ona. "Bado ni yake."

Sikio la kufa halisikii dawa. Nilipofika nyumbani niliifunga ndani ya seva, nikaifuta yote, nikawasha.

Feni zikanguruma. Halafu harufu... udongo mbichi, uliochimbwa leo.

Niliingia chumbani kumwekea Edina katuni. Kwenye runinga kulikuwa na faili moja tu.

EDINA.

Nikaifungua. Kitanda kilekile, blanketi lilelile. Mwanangu amelala, anapigwa video kutoka juu, na anayempiga anapumua taratibu.

Nikatazama darini. Hapakuwa na mtu.

Chini ya picha asilimia za kurekodi zilipanda. Arobaini. Arobaini na moja...

"Baba," Edina akasema, "mjomba wa kamera anasema nisitikisike."

Nilichomoa waya.

Feni zikasimama. Na kifua cha mwanangu kikasimama.

Felista, mke wangu, alikimbilia kitandani. Nikarudisha waya. Feni zikazunguka. Edina akavuta pumzi... Asilimia hamsini.

Nikampigia Enesi. Nikamweleza yote.

"Boazi hakupenda kukatizwa," alisema. "Ukizima, anaondoka na anachokipiga."

"Na akimaliza?"

"Mwaka huu alipiga mazishi tu."

Akaniambia Jumamosi ukoo ukishaigawa ile diski, Boazi hatakuwa na mkono juu yake tena. Nimcheleweshe hadi hapo, kama naweza.

Nikagundua kwamba mashine ikilemewa, asilimia zinatambaa. Nikaanza kuilisha. Kwaya, filamu, mahubiri, picha za harusi yetu. Felista alipita mtaani akiazima flashi kwa majirani, analia, na hakuna aliyethubutu kumuuliza. Sikulala. Nilimwomba Mungu, nikamwomba na Boazi, nikamwambia anichukue mimi. Naogopa kuliko nilivyowahi kuogopa.

Sasa ni Ijumaa, jua linazama. Tisini na tisa. Nimechomeka flashi nyingine, na mashine imeniandikia kwamba diski imejaa.

Edina ameketi mwenyewe kitandani. Anamwomba mama yake amchane nywele, maana mjomba anataka picha ya mwisho.