Kadi ya Po-sheng

Harufu ya karatasi iliyoungua ndiyo iliyotangulia. Saa saba mchana, jua la mji wa Tainan linachoma lami, jikoni hakuna moto, na chumba cha Ruo-an kinanuka kama tanuri la hekalu. Mama yake, Bi Yueh-ying muuza maziwa ya soya, alifungua mlango akamkuta binti yuko mezani anajaza vijiduara vya majibu, chwa, chwa, chwa, kwa mkono wa kushoto. Tangu azaliwe, Ruo-an hajashika hata kijiko kwa mkono huo.

"We! Umeanza lini mchezo huo?"

Ruo-an akautazama mkono wake. "Mchezo gani, Mama?"

Bi Yueh-ying akaurudisha mlango. Alijua alichokifanya, na hapo ndipo hasira yangu inapoanzia, maana asiyejua husamehewa.

Wiki moja nyuma alikwenda kumwomba Wenchang, mungu wa elimu, amfaulishe mwanawe mtihani wa kuingia chuo kikuu. Alibeba sadaka ya kitunguu majani na figili kama mzazi yeyote, na nakala ya kadi ya mtihani ya Ruo-an, ili mungu asikosee mtu. Meza ilikuwa imejaa. Kadi za watoto wa watu zilirundikana hadi pembeni, lakini pale pazuri, miguuni pa mungu, chini kabisa ya kalamu yake, ilikuwapo kadi moja peke yake, ya kijana aitwaye Po-sheng. Bi Yueh-ying akatazama kulia, akatazama kushoto, akaichomoa. Akaweka ya mwanawe.

Ungedhani angeitupa. Thubutu! Karatasi yenye maandishi haitupwi jaani, ni kumtukana mungu wa kalamu. Yaani kuiba hakuona haya, jaa ndilo aliloliogopa! Akaikunja pamoja na ombi lake mwenyewe, lenye jina la Ruo-an, mtaa na namba ya nyumba, akavitia vyote katika tanuri la hekalu la kuchomea karatasi. Na hata mtoto mdogo wa Tainan anajua kwamba kinachoungua mle hakipotei, humfikia mwenyewe, awe mungu au maiti.

Siku tatu baada ya ule mkono wa kushoto, Ruo-an alikuja kibandani wakati wa mchana, akamvuta mama yake nyuma ya masufuria.

"Mama, kuna mtu anasoma na mimi."

"Polepole, wateja watasikia."

"Anakaa nyuma ya kiti. Nikikosea jibu anapumua, kwa hasira, hapa shingoni. Jana niliulizwa jina darasani, nikashindwa kulitaja. Ikabidi nilisome kwenye jalada la daftari." Akaung'ang'ania mkono wa mama yake. "Mama, nifukuzie."

Bi Yueh-ying akafunga kibanda, akaenda mbio kwa Mzee Kuei, fundi wa matairi ambaye mungu humpanda kichwani. Mzee alitikisika pale katikati ya matairi, akatoa sauti ya kijana mwenye ghadhabu: "Nafasi yangu iko wapi? Nani kanitoa?" Alipozindukana alikuwa amelowa jasho.

"Huyu kafa mwezi wa tatu, ajali ya pikipiki," akasema. "Mama yake aliiweka kadi pale ili Wenchang amshike mkono, asitangetange. Wewe umemtumia kadi yake, na juu yake ukamwandikia nyumba ya kwenda na mtu wa kumwingia. Unafahamu ulichofanya, bibie?"

"Anataka nini?"

"Mtihani! Alisoma miaka kumi na miwili, anataka nini kingine? Nenda leo hekaluni, ungama mbele ya mungu na mbele ya mama yake. Ataondoka."

Bi Yueh-ying akatoa simu, akasogeza kidole. Asubuhi ile mwalimu alikuwa amemtumia ujumbe. Katika mtihani wa majaribio, Ruo-an, ambaye siku zote yuko katikati, ameongoza shule nzima.

"Mzee wangu, zimebaki siku kumi na moja tu. Tukisubiri mtihani umalizike?"

Mzee Kuei alinyanyua spana, na kama si umri wake ingempata usoni. "Toka! Toka dukani kwangu, mama usiye na haya!"

Akatoka. Akamwambia binti yake ni uchovu tu, mwanangu, vumilia, na kwa siku kumi na moja yule msichana akakaa mezani na mlango umefungwa, huku harufu ya moshi ikishuka ngazi na kuingia katika maziwa hadi wateja wakaanza kutema, na penseli ikilia chwa, chwa hata pale Ruo-an alipokuwa bafuni, na mama akisikia kupitia ukuta sauti mbili zikigombana, moja nene, moja nyembamba, na ile nyembamba ikisema "basi, basi, nipishe," kila siku kwa uchache zaidi, mpaka siku ya mtihani ikabaki sauti moja tu, na haikuwa ile nyembamba.

Jioni ya mtihani ndipo alipompeleka hekaluni. Mama yake Po-sheng, Bi Liao, alikuwapo, amepiga magoti chini ya meza, anapekua kadi moja moja.

"Mimi ndiye niliyeiondoa!" Bi Yueh-ying akalia. "Nisamehe, dada. Nilisema tu asubiri mtihani uishe. Sasa umeisha, mwite atoke!"

Akarusha chini vile vibao viwili vya kumwuliza mungu, ambavyo hujibu ndiyo au hapana kwa jinsi vinavyoanguka. Hapana. Akarusha tena. Hapana. Mara ya tatu vikaanguka vile vile.

Ruo-an akampita mama yake, akainama mbele ya Bi Liao. "Mama," akasema kwa sauti nene, "nimemaliza. Maswali yalikuwa rahisi. Nina njaa."

Bi Liao akaziachia kadi. Akaushika ule uso wa msichana, akausikiliza zaidi ya kuutazama. Kisha akamgeukia mwenzake, macho makavu.

"Wiki tatu nzima naitafuta kadi ya mwanangu kwa magoti. Na wewe ulimpangia kazi?"

"Huyo ni wangu! Mwachie!"

"Ulipewa nafasi ya kumrudisha, ukataka alama. Zinakuja mwezi ujao. Zipokee."

Akamshika mtoto mkono, wakashuka ngazi. Bi Yueh-ying akapiga kelele, "Ruo-an! Ruo-an!" hadi sauti ikamkauka, na kila mtu uani pale akageuka kutazama, isipokuwa yule anayeitwa.