Siuzi kwa Kusimuliwa

Jumamosi hiyo duka la vifaa vya kompyuta lilifurika, watu bega kwa bega, kila mmoja akiinua waya wake juu kama mwenye haki ya kuhudumiwa kwanza. Mchora ramani za nyumba alijipenyeza mpaka kaunta, gauni lake la njano limenyooka kwa pasi, kalamu ya risasi imechomekwa kwenye nywele naye ameisahau.

"Nipe doki, kaka. Kile kisanduku unachomeka laptopu, halafu skrini, kibodi na chaja vyote vinapitia hapo."

"Nakijua, dada. Laptopu iko wapi?"

"Nyumbani."

"Basi na doki itabaki dukani."

Watu wakacheka. Dada wa watu akavimba. "Unauza au unanyima?"

"Siuzi kwa kusimuliwa," alisema fundi wa duka, mtu mrefu wa koti la buluu, miwani ikining'inia shingoni kwa kamba. "Matundu ya mashine hizi ni kama mapacha, sura moja, tabia mbalimbali. Moja linapitisha picha mbili, jingine moja, jingine ni la chaja tu. Niletee mashine yenyewe niione."

Akatoka akifyonya. Jumatatu yake akarudi, laptopu kwapani.

"Dada, umelala na kalamu?"

Akajishika kichwani. Ilikuwepo. Alicheka mpaka akaegemea kaunta, na kicheko hicho ndicho kilichomfunga fundi. Akaondoka na doki, na jina jipya: Kalamu.

Miezi minne walikuwa watu wa simu asubuhi na simu jioni. Kisha ofisi ikambadilishia Kalamu laptopu, na mkuu wake akatoa sharti. Jumatatu saa nne asubuhi auongoze mkutano wa wahandisi akiwa nyumbani, ramani kwenye skrini moja, vipimo kwenye nyingine. Akiweza, ataendelea kufanyia kazi nyumbani. Akishindwa, arudi makao makuu, safari ya kutwa nzima kwa basi. Na mama yake amwachie nani? Macho ya mama yalikuwa yamefifia, nyumba akiijua kwa vidole. Na huyo fundi je?

Doki ya zamani, kwenye mashine mpya, iliwasha skrini moja tu. Ijumaa akapiga simu.

"Njoo nayo, Kalamu wangu."

"Mama ana homa, siwezi kutoka. Mpenzi, kwa leo tu. Nakusomea namba ya mashine."

Fundi akavuta daftari. Alijua anaivunja amri yake mwenyewe, lakini sauti ya umpendaye haina kufuli. "Haya, soma."

Akamsomea kibandiko. Alasiri mtu wa pikipiki akaleta boksi. Kalamu akachomeka. Skrini ya kushoto ikawaka. Ya kulia, giza. Akachomoa, akapuliza, akachomeka tena, akazima, akawasha. Giza.

"Umeniletea nini?" alifoka kwenye simu.

"Umechomeka sawasawa?"

"Mimi si mtoto! Kama hujui si useme hujui?"

"Kalamu, ile namba uliyonisomea..."

"Aha! Sasa kosa ni langu? Laiti ningekujua hivi kabla sijakupenda!"

"Basi," fundi alisema taratibu, "labda hata mimi ulinichukua kwa kusimuliwa." Akakata.

Jumamosi simu haikulia. Jumapili pia. Kalamu aliichungulia kila mara, akaigeuza kifudifudi, akaigeuza tena. Mchana akashusha sanduku la nguo kutoka juu ya kabati, aanze kufungasha, na mama, aliyeanza kupata nafuu, akausikia mburuzo wake. Akaja akipapasa ukuta mpaka mezani. Vidole vikagusa waya.

"Hii chaja ya nani?"

"Yangu, mama."

"Yako, mpya hivyo hivyo, tayari ina plasta pale ilipotafunwa na panya, niliifunga mimi. Hii ni laini mwanzo mpaka mwisho. Dada yako alipokuja wiki ile kaondoka na yako, akakuachia yake."

Kalamu akaunyakua waya. Ofisi yake na ya dada yake hubandika namba ya aina ya mashine kwenye chaja, zisipotee, na kibandiko alichomsomea fundi kilikuwa cha chaja hiyo! Akaipindua laptopu. Chini yake, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa, kulikuwa na namba nyingine kabisa.

"Nimemtukana mtu bure, mama."

"Basi mfuate. Ulimi uliotukana ndio huohuo utakaoomba radhi, hauazimwi kwa jirani."

Jumatatu saa mbili alikuwa mlangoni mwa duka kabla kufuli halijafunguliwa.

"Nilisoma chaja ya dada yangu," alimwambia fundi hata salamu hajatoa. "Kosa ni langu. Na yale maneno nayo ni yangu. Nisamehe."

Fundi alivaa miwani, akaipindua laptopu, akamulika tochi. "Tundu hili linapitisha picha moja tu. Inataka doki yenye ubongo wake, inayojitengenezea picha ya pili, na kuwekewa programu." Akashusha boksi, akaunganisha skrini mbili za kaunta. Ya kushoto ikawaka. Kwenye laptopu mstari wa programu ukatambaa, ukakwama, ukatambaa tena. Saa ya ukutani ikasema saa tatu kasorobo. Mara, skrini ya kulia ikawaka, nyeupe pe.

Machozi yakamtoka Kalamu.

"Na mimi nina kosa," fundi alisema. "Amri ni yangu, nikaivunja, halafu nikakununia wewe. Twende, utalia njiani." Akavua koti, akamrushia mwenzake wa kaunta.

Saa nne kamili, nyumbani kwa Kalamu, skrini zote mbili zilikuwa zinawaka. Saa tano mkuu akasema, "Baki hukohuko nyumbani," akaaga.

"Na huyo anayepumua chini ya meza ni nani?" mama aliuliza.

"Fundi, mama. Anafunga nyaya."

"Yule unayenisimulia kila siku?"

Fundi akatambaa nje, vumbi magotini, akapiga goti mbele ya kiti cha mama. "Shikamoo, mama. Nimechoka kusimuliwa. Nimejileta mwenyewe unione, kisha nikuombe mwanao."

Mama akampitishia vidole polepole, paji la uso, miwani, kidevu chenye ndevu za siku tatu za kununa.

"Huyu," mama alisema, "simrudishi dukani."