Kamba Iliyovutwa Ndani

Ilikuwa Julai, nzi tele, lakini wino wa Ansel Thornby ulikuwa umeganda kidauni. Aliusogeza jikoni ukayeyuka. Alipochovya kalamu, ukaganda tena. Nyumba nzima ilinuka koti la sufu lililolowa, na koti la namna hiyo hawakuwa nalo.

Ansel alikuwa mshairi wa milima ya Montana, hodari wa kuisifu misonobari. Kuni alipasua mkewe, Keziah. Shairi lake la kimya cha theluji lilifika hadi magazeti ya mashariki. Hakuna aliyejua aliliandika siku gani.

Huku kwetu mlango una komeo la mti, na kamba yake ya ngozi huachwa ikining'inia nje ili mpita njia aivute aingie. Siku ya tufani ya theluji, majira ya baridi yaliyopita, Ansel aliivuta ndani asije mtu akamkatizia ubeti. Mchana mlango ukagongwa. Akajisemea, nimalize mstari huu tu. Alipofungua, jua limeshazama, alimkuta shemeji yake Orrin, kaka wa Keziah, kizingitini, amekufa kwa baridi. Akairudisha kamba nje upesi. Keziah, aliyekuwa darini na homa, aliambiwa kwamba upepo ulizidi, hakikusikika kitu.

Sasa kugonga kulirudi, mchana kweupe, kwanza mlangoni, kisha chini ya meza, kisha ndani ya ubao uleule aliouegemea kuandika, taratibu, kama mtu aliyekufa ganzi vidole lakini hajakata tamaa, na kila Ansel alipoinua kalamu pumzi ya baridi ilimpiga kisogoni mpaka meno yakagongana.

Wakamwita Tuttle, mhubiri anayezunguka kwa farasi. Aliomba hadi sauti ikamkauka, kisha akanong'ona, "Mzuka huu hautoki kwa maombi. Utatoka siku aliyemwacha nje atakaposema."

Alipoondoka, Ansel alimpigia mkewe magoti akasema yote, bila kupamba. Kugonga kukaendelea.

"Nimemaliza, mke wangu," alisema kwa hofu. "Anataka nini tena?"

Keziah alikuwa ameinamia mikono yake.

"Sikuwa nimelala siku ile," alisema polepole. "Nilimsikia akiniita kwa jina. Blanketi lilikuwa na joto, Ansel. Nikajisemea, wewe utafungua."

Kugonga kukakoma. Wakabaki wawili, na hakuna aliyethubutu kumtazama mwenzake.