Birika la Bibi Liko kwa Minori

"Fundi anasema bado wiki mbili, mke wangu. Tundu ni kubwa, birika linavuja kama pakacha."

Chigusa akabana simu sikioni. Nyuma ya sauti ya mumewe, Tatsuro, kuna kitu kilikuwa kinaimba. Shiii... kimya... shiii.



Birika la chuma la chai huimba maji yakichemka, kwa sababu ya vipande vya chuma vilivyogandishwa ndani, kwenye kitako. La marehemu bibi yake lilidondosha kipande kimoja zamani. Ndiyo maana linaimba kwa kwikwi. Mji mzima wa Kanazawa hakuna lingine.

"Uko wapi, Tatsuro?"

"Si niko mjini Takaoka, kwa fundi."

"Birika linavuja, halafu linachemka?"

Mara sauti ya kike kwa mbali:

"Tatsu, mkaa umekolea. Njoo basi."

Minori. Mwanafunzi wake wa sanaa ya chai, mwaka wa tatu sasa. Chigusa ndiye aliyemfundisha hata kupanga huo mkaa.

Simu ikakatika. Meseji ikaingia: "Mtandao mbovu huku. Nitakupigia."

Teksi, dakika kumi, yuko mlangoni kwa Minori. Viatu vya Tatsuro vimegeuzwa, ncha zinatazama nje, tayari kwa kutokea. Nyumbani anayemgeuzia ni yeye Chigusa, kila siku, mwaka wa tisa huu.

Minori akapiga magoti.

"Mwalimu, naomba nieleze..."

"Mgeni kaja. Nilikufundisha umpe maelezo au chai?"

Chigusa akakaa mahali pa mgeni. Tatsuro kainamisha kichwa, anahesabu nyuzi za mkeka. Minori akachota maji, akakoroga chai. Chigusa akanywa yote, akafuta ukingo wa bakuli.

"Chigusa, alilitamani tu. Nilitaka nilirudishe."

"Na wewe ungejirudisha lini?"

Chigusa akamgeukia mwanafunzi wake.

"Minori, naomba kutazama vyombo."

Mgeni akiomba hivyo, mwenyeji hakatai. Minori akalileta birika kwa pete za kulibebea, machozi yanamdondoka. Chigusa akamwaga maji bustanini, akalirudisha juu ya mkaa mpaka likakauka, kisha akalifunga kwenye kitambaa.

"Mwalimu... na yeye je?"

"Nilifuata birika."

Mlangoni akavaa viatu vyake. Akainama, akashika vile vya Tatsuro.

Akavigeuza. Ncha zikatazama ndani.

Akatoka na birika kifuani, bado la moto.