Mkia wa Herufi ya Mwisho

Haya yalimkuta rafiki yangu mchapa kadi, na yeye si mtu wa porojo. Mchana mmoja shangazi wa bibi harusi alikuja kuagiza kadi. Alitaka mwandiko wa kuungana, ule ambao herufi zake zinashikana mikono.

“Kwenye jina la baba yake usiweke ‘marehemu’,” akasema. “Sitaki mtoto alie.”

“Haya mama, tumeshamfufua,” rafiki yangu akatania.

Akachapa kadi ya mfano: jina la baba juu, la binti chini, nafasi pana katikati. Mara umeme ukakatika. Chumba hakikuwa na dirisha, kikawa giza totoro. Mashine ikanyamaza. Ndipo ikasikika kwaru, kwaru, kama kalamu ya nibu inayokwaruza karatasi.

“Baba, unaandika nini gizani?” shangazi akauliza.

Mikono yote miwili ya rafiki yangu ilikuwa mifukoni.

Akawasha tochi ya simu. Herufi ya mwisho ya jina la baba ilikuwa imeota mkia mrefu, wino wake bado mbichi. Mkia umeshuka, umelizunguka jina la binti, na ile nafasi pana kati yao haikuwepo tena.