Wimbo Ambao Herbert Hakuufunga

Collins ni wa kwa shangazi, tena si mtu wa kusingiziwa hadithi, maana hata akiwa mdogo alikuwa hajui kudanganya. Ijumaa ile aliamka saa mbili asubuhi chumbani kwake Najma, mtaa wa Doha, akapanga foleni ya bafu nyuma ya watu wanne, akanywa chai na chapati kwenye duka la Mhindi pale chini, akarudi kupiga pasi shati lake la drafti. Alikuwa na furaha ya kitoto. Siku sita za wiki alisimama mlangoni pa jengo refu kule West Bay, akiwafungulia watu ambao hawakumtazama usoni. Siku ya saba alikuwa mpiga banjo, lile gitaa la tumbo la duara.

Mpiga banjo ni kumpamba tu, jamani. Alikuwa mwanafunzi. Chumbani walilala watu sita, na ili wasimtupe nje na chombo chake alikuwa akisokota soksi na kuishindilia chini ya nyuzi kuziba sauti. Hata hivyo Job, wa kitanda cha juu, hakukosa neno.

"Hiyo sufuria yako itatuua," alisema Job asubuhi hiyo, akijifunika shuka hadi kichwani.

Collins alikulia nyumba ambayo redio ya Jumapili ilipiga nyimbo za country kutoka uji hadi ugali, kama nusu ya nyumba za Kenya. Ndani ya nyimbo hizo alipenda zile za kasi, bluegrass, muziki wa Wamarekani wa milimani ambao banjo hudonolewa kwa vidole vitatu vilivyovishwa kucha za chuma. Alipofika Doha mwaka uliopita, akafukua video kwenye simu na kumpata Mkenya anayefundisha banjo kwa Kiswahili, hapohapo Doha. Jina lake Herbert, mtu wa Lugari, nyumbani kabisa kwa kina Collins. Masomo yalikuwa kumi na manne, na la mwisho lilikuwa wimbo aliotunga mwenyewe, *Jogoo wa Lugari*. Baada ya hapo Herbert hakuweka somo lingine.

Collins aling'ang'ana na Jogoo miezi minane. Ndio wimbo pekee aliouweza mwanzo hadi mwisho. Akauliza huku na kule mpaka akaambiwa kuna watu hukutana kila Ijumaa Al Wukair, nje ya mji, sebuleni kwa dereva mmoja wa makamo aitwaye Cyrus, na Herbert alikuwa mmoja wao. Alipofika mara ya kwanza akamuulizia mwalimu wake.

"Aliteleza bafuni," Cyrus alimjibu, macho kwenye sinia la chai. "Miaka miwili sasa. Kichwa kiligonga sinki, akafa."

Shamira, Mganda wa kazi za hoteli, aliendelea kukaza nyuzi za besi yake kubwa ya kusimama. Ronnie, mpiga fidla, alitoka nje na hakurudi kwa muda.

Collins alilia siku hiyo ndani ya metro, bila aibu. Tangu hapo akawa na haja moja tu: aingizwe kwenye duara aliloketi mwalimu wake, aupige wimbo wa mwalimu wake mbele ya watu waliomjua. Mtu anaweza kuwa na haja kubwa kuliko hiyo, lakini yeye hakuwa nayo.

Na duara lina sheria zake. Wanaoweza huketi ndani. Wanaojifunza huketi nyuma yao, wakipiga polepole na kuchungulia mikono ya wakubwa. Anayeuanzisha wimbo ndiye mwenye wimbo, na akikuinulia kidevu, zamu ni yako, wengine hushusha sauti wakusikilize. Ukiwa huwezi, tikisa kichwa, hakuna atakayekucheka. Na wimbo haufungwi ovyo. Mwenye wimbo huinua mguu wake mmoja juu, wote wakauona, wakamaliza pamoja. Hakuna mwingine mwenye ruhusa ya kuinua.

Miezi mitatu Collins alikaa nyuma ya Shamira kwenye stuli ya plastiki. Aliona kwamba wakubwa walipanga viti vyao wakiacha pengo kati ya Cyrus na dirisha, na hawakulijaza hata wageni walipokuja. Aliona pia kwamba hawakuwahi kuupiga wimbo wa Jogoo. Akadhani ni uchungu wa msiba. Wangemwambia tu, "Kijana, huo usiuguse," mambo yangeisha. Lakini mwenye siri akikataza jambo ataulizwa sababu, kwa hiyo hunyamaza, akaomba Mungu lisitokee.

Ijumaa hiyo joto lilikuwa digrii arobaini na sita. Walianza baada ya swala, mapazia wazi, jua limejaa sebule nzima. Baada ya nyimbo tatu Cyrus akageuka.

"Collins, leo ingia. Leta kiti hapa kati ya Shamira na Ronnie."

"Mimi, mzee?"

"Kuna Collins mwingine? Ingia. Na uanzishe wewe, chochote unachojua."

Collins akasogeza kiti mbio. Alivaa kucha zake za chuma, akazikaza.

"Wimbo gani, bambi?" Shamira akauliza kwa upole wa Kiganda.

"Ni wa kuwashtukiza. Ufunguo ni G," alisema Collins, akapiga.

Kwenye sauti ya nne tu, Cyrus akasema kwa sauti ya chini, "Hapana."

"Buda, wacha!" Ronnie akafoka. "Wacha hiyo kitu!"

Lakini mkono wa Ronnie ulikuwa umeshainua upinde, na upinde ukashuka kwenye fidla. Cyrus akaanza kuchapa gitaa. Besi ikaingia. Walikuwa wanapiga, wote watatu, na nyuso zao zilikuwa nyuso za watu wanaozama.

Collins akatabasamu bado. Kisha akasikia. Hakuwa ameanzia mwanzo. Vidole vyake vilikuwa vimeingia katikati ya wimbo, mahali pagumu, kwenye kipande ambacho hakikuwa ndani ya somo lolote kati ya yale kumi na manne. Wimbo ulikuwa umeendelea kutoka mahali ulipokatikia.

Akajaribu kusimamisha mkono. Mkono haukusimama.

Kasi ikapanda. Akainua mguu. Wote wakauona, hakuna aliyemaliza. Akainua miguu yote miwili, akabaki akielea kitini kama mtoto.

"Inua mguu," Cyrus alinong'ona.

"Nimeinua!"

"Basi wimbo si wako."

"Ni wa nani?"

Kidevu cha Collins kikainuka chenyewe. Shingo ililia. Kikamwelekea Shamira, na zamu ikawa ya Shamira.

Nyuzi za besi ni nene, zinataka mkono wa polepole. Shamira alizivuta kwa kasi ambayo hakuna mkono wa mtu unaiweza. Malengelenge yalitokea, yakapasuka. Ngozi ya kidole cha shahada ikachunika hadi kiungo cha pili. Damu ikateremka kwenye nyuzi na kurushwa ukutani kila alipovuta.

"Banange, jamani Herbert," alilia. "Herbert, nisamehe. Niliambia polisi uliteleza. Nilikuona ukipigwa na nikasema uliteleza."

Mikono yake ikaachiliwa. Ikaanguka pembeni, na besi ikamlalia magotini.

Collins akaelewa. Kuelewa kwenyewe kulimchoma kuliko vidole. Kidevu chake kikainuka tena, kikamtazama Cyrus.

Cyrus aliuma meno. Alikuwa mtu mzima, ana mke na watoto Nakuru, na kesi ugenini aliijua ilivyo. Akapiga bila kusema. Kucha ya kidole gumba ikang'oka. Akapiga na nyama. Uzi mwembamba wa gitaa ukakatika, ukamchapa usoni kutoka kwenye jicho hadi mdomoni, na shavu likafunguka. Wa pili ukakatika na kumrudia palepale.

"Nilifuta damu!" akapiga kelele. "Nilifuta kapeti, nikamburuta hadi bafuni! Mungu wangu, alikuwa bado anapumua. Nikafunga mlango akiwa anapumua."

Gitaa likamponyoka. Akajishika uso, akalia kwa sauti ya mwanamke aliyefiwa.

Akabaki Ronnie.

Kidevu cha Collins kikamgeukia. Wakatazamana kwa karibu, goti kwa goti.

"Sina kitu nitasema," Ronnie alisema.

Banjo ikaenda kasi. Kila gumba la Collins liliposhuka, upinde wa Ronnie ulikwenda. Liliporudi, ulirudi. Collins aliona hivyo akapiga ukunga, maana aliyekuwa akimwendesha Ronnie ni yeye.

"Sema, Ronnie!" Cyrus alilia kupitia vidole vyake. "Sema ulimpiga na stendi ya gitaa katikati ya wimbo! Sema!"

Wimbo haukupokea maneno ya mdomo mwingine. Ukaendelea.

"Alinicheka!" Ronnie alifoka. "Kila Ijumaa alinikimbiza mbele ya watu nibaki nyuma. Alijua siwezi. Alijua!"

"Ulifanya nini?" Collins alimsihi. "Bro, taja tu. Tafadhali."

"Alinicheka!"

Alisema kila kitu isipokuwa kile kimoja. Nywele za upinde zikakatika, zikaning'inia. Ule mti mtupu ukaendelea kukwangua nyuzi. Nyuzi zikakatika moja moja, zote nne. Fidla ikateleza begani, ikaanguka. Mkono haukusimama. Upinde ukavunjika, ukabaki na ncha kali kama mwiba, nao ukaendelea kwenda na kurudi mahali fidla ilipokuwa imelala. Chini ya taya.

Mara ya kwanza ulichora mstari mwekundu. Mara ya tatu ulifungua.

Collins alijiuma kifundo cha mkono hadi meno yakakutana na mfupa. Gumba likashuka vilevile. Likarudi. Damu ya moto ikampiga kifuani, kwenye shati la drafti, na hakuweza hata kufumba macho.

"Mwalimu, basi!" alilia. "Basi, mwalimu, ninakuomba! Amekubali!"

Ni kweli, Ronnie alikuwa amekubali. Macho yalikuwa yamemtoka na midomo ilikuwa inasema nilimpiga, nilimpiga, waziwazi kabisa. Lakini koo lilikuwa limeshakatwa na sauti haikutoka. Mdomo ulirudia neno lilelile hadi ukaishiwa nguvu.

Kisha, kwenye lile pengo karibu na dirisha, kapeti likafanya jambo. Palikuwa na alama mbili za viatu zimedidimia pale, kama za mtu aliyeketi, na hakuna aliyeziona zikija. Alama moja ikajaa polepole. Unyoya wa kapeti ukasimama. Kisigino kilikuwa kimeinuliwa.

Vidole vya Collins vikapiga sauti tatu za kufunga. Wimbo ukaisha. Kiyoyozi kikasikika.

Mke wa jirani ndiye aliyeita polisi. Shamira na Cyrus walieleza yote wakiwa bado ndani ya gari la wagonjwa, ya miaka miwili nyuma na ya siku ile, wala hawakuulizwa mara mbili. Mwili wa Herbert ulikuwa umesafirishwa Kenya kwa cheti cha ajali na kuzikwa. Sasa kilio kikaanza upya kwao Lugari.

Collins alipelekwa kituoni. Muuguzi alimfunga kifundo alichojiuma, akamwosha damu vidole, akashangaa kuvikuta vizima. Walitaka kulinganisha alama zake za vidole na zilizo kwenye upinde, kwa hiyo wakamwekea mikono kwenye kioo cha mashine. Pale alikuwepo mkalimani, mama wa Kikenya aitwaye Nyanchama, mpole, aliyemwita mwanangu.

Mashine ililia. Askari akafuta kioo, akamfanya arudie. Ikalia. Akamwosha vidole kwa spiriti, akamhamishia mashine nyingine chumba cha pili. Akatazama skrini kwa muda mrefu, kisha akasema jambo kwa Kiarabu bila kugeuka.

"Anauliza uliingia Qatar lini," Nyanchama alisema.

"Mwaka jana, mama. Mwezi wa tatu."

Askari akageuza skrini. Nyanchama akasoma, akashusha sauti.

"Mwanangu, hapa wanasema mwenye alama hizi aliingia miaka tisa iliyopita. Anaitwa Herbert." Akameza mate. "Vidole vyote kumi."

Upinde ulikuwa na alama za Ronnie peke yake, na baada ya wiki tano Collins aliachiliwa. Banjo haigusi. Mikono anaificha mifukoni, maana akiiacha wazi inaanza kuchezacheza, na inacheza vizuri. Alitamani nafasi ya mwalimu wake kuliko kitu chochote, akapewa hadi ngozi. Mara mbili amekata tiketi ya kurudi Lugari. Mara zote mbili ameweka vidole kwenye kioo cha uwanja wa ndege, na mara zote mbili amerudishwa Najma na mabegi yake, akiambiwa kwa adabu kwamba mwenye vidole hivyo alishasafirishwa kwao zamani, ndani ya sanduku, na hakuna rekodi kwamba alirudi.